Mafiga ya Mama Nora

Shemeji Rwegasira,

Kwa heshima na taadhima, Kanazi nzima itangaziwe kwamba leo soksi zangu zimekauka. Mvua ya Ayalandi ni mgeni asiyejua kuaga.

Jana ilitukuta shambani kwa Mama Nora, mjane anayenipa malazi wakati huu wa kozi ya ushirika. Alikuwa akinionyesha mawe ya kale: matatu yamesimama, la nne, bapa, limelala juu yake. Nikajikinga chini yake, nikatoa viazi vyangu nikaanza kula.

"Mama, kumbe mababu zenu walipikia mafiga kama sisi! Chungu chao kililisha kijiji kizima cha ujamaa."

"Mwalimu, hilo ni kaburi."

Kiazi kilinikwama. Nikatoka mbio, nikaweka juu ya jiwe ile kahawa ya kutafuna uliyonifungia, kama tunavyomkaribisha mgeni.

"Unamkaribisha nani?" akauliza. "Huyo yuko kwake. Mgeni ni wewe."

Akachukua punje mbili, moja akanipa, nyingine akaitafuna huku amekunja uso kama aliyepewa kwinini.

Mungu awatunze, na migomba yenu izae. Dada yako nimemwandikia kwamba niliwapa heshima wafu wa watu. Wewe nakuambia ukweli: niliogopa kufukuzwa, na sikuwa na pengine pa kulala.

Shemeji yako,
Mwalimu Byabato