Umeme wa Bure wa Saa Sita Mchana

Mtaa wa Reli,
Karoonda,
Australia Kusini.

22 Agosti 2024

Mpendwa wifi yangu Glenys,

Salamu nyingi kutoka kwenye baridi ya huku kwetu Mallee, ingawa najua ukisoma neno baridi utanicheka, wewe uliyezoea theluji ya Bergen. U mzima? Goti lako limepona baada ya upasuaji, au bado linakuamsha? Na shemeji Torleif, bado anapanda milima kila Jumapili kama mbuzi? Sisi tupo. Nasema tupo, sisemi tuko salama, na ukisoma utaelewa kwa nini.

Nimeshika kalamu badala ya simu kwa sababu nyumba yetu ni ndogo na kaka yako Lyall ana masikio ya paka. Ninachonong'ona jikoni, yeye anakidaka sebuleni. Kwa hiyo naandika nikiwa chumba cha nyuma cha duka la mitumba la kanisa, nimekaa katikati ya makoti ya marehemu, na nimemwambia mwenzangu Pam asimame kwenye kaunta.

Nilikueleza kwenye kadi ya Pasaka kwamba tumenunua gari la umeme. Si jipya. Ni dogo, limeshatumika, na betri yake imezeeka kidogo kama sisi wenyewe, lakini linatufikisha kliniki ya kusafisha damu kule Murray Bridge na kuturudisha, mara tatu kwa wiki. Gari letu la zamani, ile Falcon, lilikuwa linakunywa petroli kama haina mwenyewe. Binti yetu Kerryn na mumewe Troy ndio waliolitafuta hilo gari. Unamjua mkwe wangu Troy. Anauza matrekta kule Mount Gambier, na ulimi wake una mafuta kuliko matrekta yenyewe.

Gari halikunisumbua. Kilichonisumbua ni umeme wa kulilisha. Nilidhani unachomeka waya, basi. Kumbe lazima uchague mpango wa bei. Troy alikuja na kompyuta yake, akaiweka pale ninapokandia unga, akaanza kunihubiria.

"Mama, huu hapa bei ni moja mchana na usiku. Huu bei yake ni ndogo usiku wa manane, lakini jioni inapanda. Huu sasa ndio mzuri: kampuni yenyewe inaamua saa ya kuchaji. Wewe unachomeka waya, unalala, wao wanafanya kazi."

"Wao nani?"

"Kampuni, Mama. Wanaliwasha na kulizima kutoka kwao huko, kupitia mtandao."

"Gari liko uani kwangu, halafu mtu aliyeko Sydney ndiye aamue lini lile na lini lilale njaa?"

Lyall alicheka mpaka akakohoa. Wifi, sikuona cha kuchekesha. Gari lile ndilo figo zake. Likikosa chaji, yeye anakosa mashine, na akikosa mashine maji yanajaa miguuni, kisha kifuani. Nitamwachiaje mtu nisiyemjua?

Mpango uliobaki ulikuwa wa umeme wa bure. Ndiyo, bure. Kuanzia saa tano asubuhi hadi saa nane mchana hulipi chochote, kwa sababu, alivyosema Troy, paa za nchi nzima zina sola na mchana umeme unazidi hadi hawajui waupeleke wapi. Ila jioni bei yake inakukata koo. Nilimuuliza Troy anapata nini sisi tukijiunga. Akaapa hapati kitu. Baadaye Kerryn akaponyokwa kwamba ukimleta mteja mpya wanakupunguzia kwenye bili yako. Nikamwambia, "Haya! Nilijua tu!" Hata hivyo nikauchukua mpango huo, kwa kuwa angalau saa zake nazijua na jua naliona kwa macho yangu.

Fundi akafunga kisanduku cha kuchajia ukutani bandani. Troy akalipanga gari lisivute umeme nje ya saa za bure, hata waya ukiwa umechomekwa. Alitaka pia kuniwekea kitu kwenye simu cha kuonyesha gari limekula kiasi gani. Nikakataa. Sitaki kampuni iingie hadi kwenye simu yangu.

Tukageuka watu wa mchana. Nikiwa nyumbani, nyama ya kondoo naioka saa sita, nguo nafua saa saba, na jioni tunakula vya baridi. Kaka yako akitaka chai ya jioni ananiuliza kwanza, "Mheshimiwa, naruhusiwa kuwasha birika?" Siku za kliniki ni Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Gari linachajiwa siku za katikati, ambazo mimi nashinda hapa dukani na Lyall anabaki na redio yake.

Mwezi uliopita, alfajiri ya Ijumaa, tumeshafunga mikanda, nikawasha gari, nikakuta betri iko chini kabisa. Waya ulikuwa umechomekwa, nimeuchomoa kwa mkono wangu mwenyewe. Kungoja lijae kungetufikisha kiti cha Lyall kimeshapewa mtu mwingine. Nikapiga simu kliniki, wakatupa nafasi siku ya pili yake. Lyall akaniambia, "Usijali, siku moja haiui mtu." Alishinda amekaa juani akirushia kasuku makombo, halafu mchana akala bakuli zima la viazi vya kukaanga na chumvi, kitu alichokatazwa. Nilidhani anajikaza ili nisiogope.

Nikaipigia kampuni. Msichana aliyepokea alikuwa mpole.

"Mama, kwa upande wetu umeme ulikuwepo. Ila naona Alhamisi nyumba yako haikutumia karibu chochote saa za bure. Una hakika waya ulikuwa umechomekwa?"

"Binti, unaniita mwongo?"

"Hapana, Mama. Nauliza tu."

Nikamkatia simu. Nilijiambia, ndivyo walivyo hawa. Wanakuita kwa neno bure, ukishaingia wanafunga bomba, halafu kosa linakuwa lako.

Mara ya pili nilikuwa nimeerevuka. Jioni nilikwenda bandani kulikagua gari. Waya mahali pake, betri tupu. Kulilazimisha lichaji nje ya saa zake kunataka kubonyeza vitu ambavyo Troy peke yake anavijua, na Troy hakupokea simu. Basi naye nikamtia kwenye hesabu ya ninaowashuku. Nikaenda kwa jirani yetu Colin kuomba lifti. Colin hakusita. Asubuhi alituingiza kwenye pikapu yake pamoja na mbwa. Njia nzima Lyall alinuna.

"Mzee, nimekukosea nini?" Colin akamuuliza.

"Nani alikuomba utuendeshe?"

"Mkeo."

"Basi muulize mke wangu kama kuna kitu kingine anataka uendeshe."

Niliona aibu, wifi. Lakini badala ya kujiuliza kwa nini mtu aliyepelekwa hospitali anachukia aliyempeleka, nilimtazama Colin kwa jicho jipya. Colin ana karakana ya kuchomelea nyuma ya ukuta wetu. Umeme wetu wa mchana ni bure, na yeye anajua, kwa sababu nilimsimulia mwenyewe. Nikasema moyoni, huyu anatuibia. Kurudi nyumbani nilizunguka ukuta mzima nikitafuta waya uliofichwa. Nilichokipata ni utando wa buibui na mpira wa mjukuu.

Alhamisi iliyofuata nikaamua kumnasa mwizi. Nilichomeka waya, nikajaribu plagi mara mbili, nikambusu kaka yako, nikatoka na mkoba kama kawaida. Nilifika hadi kwenye maghala ya nafaka, nikageuka, nikapita uchochoro wa nyuma na kuingia chumba cha kufulia, ambacho dirisha lake linatazama bandani. Nikasimama nyuma ya mashuka. Macho yangu yalikuwa kwenye ukuta wa Colin.

Mlango wa jikoni ukafunguka. Akatoka Lyall, na ile fulana yake ya sufi, anaburuta ndara. Akaliendea gari, akashika plagi, akaichomoa. Akauviringisha waya taratibu, akautundika. Kisha akabaki amesimama, kiganja kimelala juu ya boneti, kama mtu anayemtuliza farasi.

Sijui nilifikaje bandani.

"Lyall."

Hakushtuka. Hakugeuka hata.

"Si una zamu dukani?"

"Ni wewe? Siku zote hizi ni wewe?"

"Huwa nairudisha kabla hujaja."

"Nimemtukana msichana wa watu kwenye simu! Nimemwona Troy tapeli, nimemwona Colin mwizi! Unataka kufa, Lyall?"

"Sitaki kufa. Nataka siku moja bila sindano."

"Ungeniambia!"

"Nikuambie wewe? Ungelia. Halafu ungempigia Kerryn, naye angelia. Kisha mngenifunga mkanda na kunipeleka, mnalia wote wawili."

Nilikaa juu ya ndoo. Naye akakaa kwenye ngazi ya jikoni, na hapo ndipo aliponisimulia habari za Merv. Nadhani hukuwahi kumsikia. Ni mkulima wa Tailem Bend, aliyekuwa na kiti cha jirani na Lyall pale kliniki tangu siku ya kwanza. Walikuwa wanabishana mpira, wanagawana gazeti. Mwezi wa Juni Lyall alifika akakuta mwanamke mgeni amekaa kwenye kiti cha Merv, anafuma soksi. Hakuna aliyesema neno. Alipouliza, nesi mmoja kijana akamwambia tu kwamba Merv hatakuja tena.

"Kiti kilikuwa kimeshafutwa dawa, Noelene. Shuka safi. Kama vile hakupita mtu. Na mimi nikajilaza kwenye kiti cha pembeni yake, nikatoa mkono."

Miezi miwili, wifi. Mimi nawapeleleza watu wa Sydney, na mume wangu amebeba msiba peke yake chumba cha pili.

Tulikaa hapo hadi jua likahama. Mwishowe nilimuuliza kitu ambacho nilikiogopa kuliko vyote: kesho anakwenda au haendi? Akautazama waya. Akasema, "Chomeka."

Nikamwambia sichomeki. Kama anakwenda, achomeke mwenyewe. Alinitazama kama anataka kunitukana, akainuka akishikilia ukuta, akachomeka. Kwa bahati saa za bure zilikuwa bado hazijaisha.

Kesho yake, nesi mkuu, mama wa Kifilipino anayeitwa Marivic, alitufungia mlango wa ofisi yake na kutusikiliza. Hakumkaripia. Alimwambia kaka yako kwamba kuendelea au kuacha ni uamuzi wake, na siku akitaka kuacha kweli, daktari atakaa naye na familia yake, wapange vizuri asiteseke. Lakini kukosa mashine kwa siri, alisema, kunaweza kumwondoa vibaya sana, peke yake, sakafuni. Kisha akamsimulia jinsi Merv alivyoondoka, usingizini nyumbani kwake, na binti yake yupo. Lyall hakuwa anajua. Alifunika uso kwa kofia. Tangu siku ile hatujakosa siku ya mashine hata moja, na wamemhamishia kiti cha dirishani.

Tumeahidiana hivi: siku atakayochoka kabisa, ataniambia mezani, tukitazamana, si bandani nyuma ya mgongo wangu. Nami niliahidi kwamba siku hiyo nitamsikiliza mpaka mwisho kabla sijalia. Sijui kama nitaweza.

Colin nimempelekea keki ya nazi, sikumwambia ni ya nini. Troy nimemwomba radhi nusu. Ile nusu nyingine nimeibakiza kwa sababu ya punguzo la bili yake. Kampuni bado siiamini. Bili ya kwanza ilikuwa ndogo mno, nimeisoma mara kadhaa nikitafuta walipoficha jambo. Niambie, huko kwenu ambako hata padri anaendesha gari la umeme, nanyi mnapewa vya bure namna hii? Na baadaye wanakuja kudai nini?

Sasa nifike kwenye lililonishikisha kalamu. Jana tukiwa njiani kurudi kutoka kliniki, Lyall aliniuliza bila kunitazama, "Glenys atakuja huku lini tena?" Hajawahi kuuliza, unajua kiburi chake. Nikamjibu sijui. Akasema, "Nauliza tu." Wifi, yule hakuuliza tu. Goti likikuruhusu, njoo kabla ya mavuno. Usingoje nikupigie simu ya kukuita, maana simu ya namna hiyo itakuwa imechelewa. Ukija, usimhubirie. Kaa naye uani, mbishane mpira.

Kwa sasa anachomeka mwenyewe kila asubuhi ya siku ya chaji. Mimi naahirisha kutoka mpaka nisikie sauti ya plagi ikiingia. Wiki hii nilisikia, na bado nikaenda kuchungulia. Alikuwa amekaa kwenye ngazi na kikombe chake, waya umechomekwa, taa inawaka.

"Umekuja kunipeleleza?"

"Ndiyo."

"Kaa basi," akasema, akanisogezea nafasi.

Nikakaa. Sikwenda dukani siku hiyo.

Nisalimie shemeji Torleif, na Ingunn na watoto wake, na yule mama mkwe wako mzee ambaye hakunielewa neno hata moja lakini alinishika mkono wakati wote wa chakula. Kerryn na wanawe wanakusalimu. Lyall angekusalimu kama angejua naandika. Mungu akulinde njiani, akuweke mzima hadi tuonane kwenye lango letu.

Ni mimi wifi yako, ninayekupenda na kukungoja,

Noelene