Karafuu za Pilau ya Mombasa

Wete, Jumatatu usiku

Kumbe na kitambi changu hiki naweza kuwa mfanya magendo!

Leo nilitanguliza mizigo bandarini, mmoja ukiwa kikopo cha karafuu za shambani kwetu. Mke wangu amewaahidi wakwe zetu wa Mombasa karafuu hizo kwa pilau ya harusi ya binti yetu. Nikazitaja mwenyewe kwa afisa wa forodha, bila kuulizwa. Mjinga mie.

"Mzee, karafuu mnunuzi wake serikali tu," afisa akasema, akakitwaa kikopo.

"Nayo yapika pilau?"

Hakucheka. Akanihurumia: "Kanunue hukohuko Mombasa. Za Pemba zimejaa tele madukani."

Zilivukaje, sikuthubutu kumuuliza.

Nimerudi nyumbani nimenywea. Mke wangu kaguna: "Basi kazinunue hizo, Baba Zuhura, uwaambie zatoka shambani kwetu."

Wallahi, huenda hata isiwe uongo.