Viwavi Bila Majani

Tukuyu, Mei 1956

Mke wangu mdogo Damari, hapo Kihesa,

Viwavi wote wa kwenye picha zako nimewatambua. Basi, nakudanganya, mjukuu wangu. Nimetambua kitu kimoja tu, nacho ni kidole cha mpiga picha.

Mwambie huyo Mzungu wako wa vipepeo, anayetaka majina yao, asiwatoe kwenye majani kabla ya kupigwa picha. Bibi yako aliwajua kwa wanachokula: huyu wa mlimao, yule wa mpera. Alinitajia majina miaka yote shambani, nami nikaitikia "ee" huku nikiwaza pombe. Sasa amelala nayo kaburini.

Ile picha yake uliyoniahidi siku ya matanga, nitumie. Huyo nitamtambua hata bila jani.

Mumeo mzee,
Babu Andendekisye