Mtihani Sirudii

Leeds, Uingereza
Julai 1996

Kaka Mahona,

Mwangaluka. Nimefurahi kusikia wanunuzi binafsi wa pamba wamefika hadi kwetu Somanda. Huku ni kiangazi, lakini bado navaa sweta.

Unasema baba anaona aibu kwamba asubuhi nasoma chuoni na jioni naogesha wazee wa Kizungu. Mwezi uliopita msimamizi aliniambia, “Esteria, kesho uje kazini, mtihani utarudia.” Nikamjibu, “Mtihani sirudii.” Akanifukuza kazi. Nililia, kisha nikaenda kuufanya, na nimefaulu. Jumatatu naanza kwenye nyumba nyingine ya wazee, nitawaogesha vilevile.

Mwambie baba awarudishie akina Mabula ng'ombe wao wa mahari. Siji kuolewa. Nikimaliza, nitakuja kufanya kazi.

Mdogo wako,
Esteria