Mawaidha ya Baba kwa Wageni wa Mara ya Kwanza

Alhamisi, 9 Novemba

Baba katoroka tena! Nimegeuka kuzima jiko tu, mlango wazi. Nikashuka mbio na ndala miguuni, na baridi yote hii. Nimemkuta penye ngazi za daraja letu, tai shingoni, anazungumza na mtu na mkewe, Wajerumani wenye ramani. Anawapa mawaidha. Wasile penye picha za vyakula mlangoni. Wasikae kwenye ngazi za daraja, watu wanapita. Uwanja wa Mtakatifu Marko waende alfajiri, kabla umati haujaamka. Wakipotea wanyooke moja kwa moja. — Moja kwa moja! Venisi hii, isiyo na njia hata moja iliyonyooka. Sote tunawaambia wageni hivyo, sijui kwa nini.

Maisha yake yote alikuwa bawabu wa hoteli. Jina la mama limemtoka. Mlango wa choo umemtoka. Mawaidha kwa wageni hayajapungua hata moja.

Nilipomshika mkono akawaomba radhi wale Wajerumani. Eti huyu ni mfanyakazi mpya, hajafunzwa adabu bado. Wakacheka, nami nikacheka. Nimelia baadaye, jikoni.

Ijumaa, 10 Novemba

Bi Elvira, jirani wa ghorofa ya chini, kaniambia nimfungie kwa ufunguo. Nikamwambia nilishajaribu: alipiga mlango kwa ngumi, akaita polisi dirishani.  Bi Elvira akasema zamani baba asingepotea, mwoka mikate angemrudisha, muuza samaki angemrudisha. Kweli. Pa mwoka mikate sasa wanauza vinyago vya kuvaa usoni, na kijana wa pale hamjui mtu yeyote. Tulizoea kusema hapa hakuna magari, mzee atapotelea wapi? Akifika majini atarudi. Upumbavu mtupu.

Jumapili, 12 Novemba

Renzo kaja na keki. Hakuketi hata: "Dada, kitanda kimepatikana." Nyumba ya wazee, huko kwake Mestre, bara. Watakishikilia mpaka Jumatano ya tarehe 22. Nikamwambia kule kuna magari, baba hajui hata kuvuka barabara. "Kwani nani atamvusha barabara? Atakaa ndani." Ndilo hasa linaloniua.

Na baba kamtambua! Pale pale mlangoni: "Renzo mwanangu, mbona umenenepa?" Huyu anayekuja mara moja kwa mwezi! Mimi ninayemwogesha naitwa "wewe wa usafi". Nina wivu, ndiyo, namwonea wivu mdogo wangu. Naandika hapa kwa kuwa siwezi kumwambia mtu.

Nimekataa. Renzo kasema sawa, mama mtakatifu, endelea. Keki nimeimaliza peke yangu, kwa hasira.

Jumatano, 15 Novemba

Kazini. Nauza tiketi za boti, na kila mgeni anauliza aanzie wapi kuutazama mji. Nimemwambia mmoja aanzie stesheni, apande treni arudi kwao. Msimamizi alisikia. Sina nguvu tena, jamani.

Ijumaa, 17 Novemba

Ukungu. Huoni hata mkono wako. Baba kaingia mferejini!

Nilimwacha na Bi Elvira, Bi Elvira akasinzia. Baba akashuka, akakutana na mama mmoja mgeni, Mpolandi, akampeleka kuona ngazi za majini nyuma ya kanisa. Huyo mama kanieleza mwenyewe, kwa maneno machache na mikono mingi. Baba alimwonya: usikanyage kamwe ngazi ya kijani, ina utelezi, utaingia majini. Halafu akakanyaga yeye, ili kumwonyesha. Maji mpaka kifuani. Mama wa watu kamvuta kwa mkanda wa mkoba wake. Mungu ambariki, sikumwuliza hata jina.

Nilimvua nguo, nikamsugua kwa taulo. Kakonda baba yangu, mbavu zote nje. Anatetemeka huku ananishukuru: "Asante bibi, hoteli itakufidia."

Maji yamezidi unga. Nimempigia Renzo, nimekubali. Hakusema "nilikwambia". Afadhali angesema.

Jumatatu, 20 Novemba

Nimepanga sanduku lake. Tai nimeitia, nimeitoa. Kule atamvalia nani tai? Nimeitia tena.

Jumanne, 21 Novemba

Sikukuu ya Salute. Mji mzima huenda kumwashia Bikira mshumaa wa afya, nasi tukaenda, tukavuka lile daraja la muda juu ya Mfereji Mkuu. Kanishika mkono njia nzima. Mlangoni pa kanisa kamwambia mgeni mmoja asinunue mshumaa mkubwa, utazimwa tu kupisha mishumaa ya wengine. Kweli. Wetu uliwaka kufumba na kufumbua, ukazimwa, ukatupwa kapuni na mingine. Nilikuwa hata sijajua niombe nini. Apone? Haponi. Asijue anakopelekwa? Nilifika "Mama yetu, huyu baba yangu" nikasukumwa na walio nyuma.

Kala supu ya kondoo na kabichi bakuli zima. Kasema nimfikishie mpishi salamu zake.

Jumatano, 22 Novemba

Naandika kwenye benchi, Piazzale Roma, magari yanapokomea. Nisipoandika nitapiga mayowe.

Asubuhi nilimvika koti. Niliogopa — atagoma, atalia, majirani watachungulia. Nikalichukua sanduku. Kuliona tu, akaninyang'anya! "Mgeni habebi mzigo nami nipo hai, bibi." Sanduku lake mwenyewe! Kalipandisha madaraja yote, anahema, nikinyosha mkono nimsaidie ananikaripia. Nami sikumwambia kuwa anayeondoka ni yeye. Ningemwambia nini?

Na njia nzima mawaidha. Nikirudi nije Januari, watu wachache, vyumba rahisi. Niombe chumba cha nyuma, kengele hazisumbui. Nisiache kubeba viatu vya mpira, maji hujaa mitaani. Kaniuliza kama nimeupenda mji. Nikasema sana, bwana. Kaniambia niende polepole basi, nigeuke nyuma mara moja moja, mji hupendeza zaidi kwa nyuma. Tangu kiangazi hajasema nami vizuri hivi. Nilifurahi. Mungu anisamehe, nilifurahi!

Renzo alikuwa keshafika na gari. Leo baba hakumtambua, kampa mkono tu kama dereva wa kukodi. Akapakia sanduku, akajipangusa mikono. Renzo akamwambia baba, ingia. Akacheka. "Mimi? Mimi nina kazi, kijana. Anayesafiri ni bibi huyu." Renzo kamwambia tena, taratibu. Kisha kaenda pembeni, kawasha sigara, na mabega yanamtikisika.

Baba amesimama wima kando ya gari, kashika mlango. Kofia kaivua, baridi inampiga kichwani. Haondoki mpaka mgeni aondoke, ndivyo walivyofunzwa. Teksi alizozijua yeye zote ni boti. Kaninyoshea mkono, ananiita, ananihimiza kwa upole. Nikanyage katikati ya boti, anasema, na nisiogope, amenishika.