Nani Hakuhudhuria?

Mtoni, 9 Februari 2025

Mwanangu Gervas,

Tumsifu Yesu Kristo. Hujambo baba? Sie huku wazima, ila goti langu la kushoto limeanza ule mchezo wake wa masika na masika yenyewe bado. Huko baridi vipi? Lile sweta unalivaa au umeshamgawia mtu kama la kwanza? Unakula? Usiniandikie "nakula mama" ukaishia hapo, niandikie unakula nini.

Barua yako nimeisoma mwenyewe, siku mbili nzima, unajua darasa langu la nne na miwani yenyewe ya kuazima. Sasa nikuulize bila kukasirika, ingawa nimekasirika. Hivyo ndivyo mnavyosomeshwa huko seminari? Mie nilidhani falsafa ni mambo ya Mungu, kumbe ni habari za wazungu waliokosa kazi! Huyo Mfaransa wako aliyekaa karibu na jiko la moto akatilia shaka kila kitu, hata mikono yake kama ipo. Mwanangu, huyo hakuwahi kufua nepi. Angefua moja tu angejua mikono ipo. Yule Mjerumani aliyekuwa anatoka kutembea saa ileile kila siku mpaka majirani wanarekebisha saa zao, haya, huyo angalau ana nidhamu. Lakini huyu wa Ugiriki, Sokrate, mzee mzima miguu peku anazunguka sokoni kuwauliza watu maswali mpaka wakamchoka wakamnywesha sumu! Nimemsikitikia. Ila nimejiuliza, mkewe alikuwa anapika nini siku zote hizo? Nimemsimulia Mama Brightson hapa jirani, akacheka mpaka kanga ikamdondoka. Anasema, "Dada Marietha, huyo mzee peku angekuja Mtoni asingefika hata kwenye sumu, wangemmaliza pale pale kwenye mafungu ya nyanya."

Mzee Valerian hatoki tena kitandani. Yule yule fundi aliyetuchongea msalaba wa mazishi wa jumuiya, ule wa mpingo unaotangulia jeneza la kila mwanajumuiya, ninaoutunza nyuma ya mlango. Amelala hivyo tangu Agosti. Nampelekea uji, anakunywa vijiko vitatu halafu anauliza, "Fratera wangu hajambo?" Ndiye wewe huyo. Binti yake Demetria anasafisha wodi hospitali, zamu yake ya alfajiri ni Jumamosi, na Jumamosi saa kumi na mbili ndiyo sala ya jumuiya, kwa hiyo haonekani baba wala binti. Mwenyekiti wetu Kornelio siku hizi ana kanuni yake, asiyefika anawekewa sifuri kwenye daftari la mahudhurio mpaka alete udhuru. Demetria hakusoma kabisa, akaniomba nimwandikie udhuru wa baba yake. Mie na mwandiko wangu huu unaolala ubavu, nikaona haya. Nimemwambia mwenyekiti kwa mdomo tu baada ya sala, akaitikia "haya". Naona imetosha.

Vaa sweta.

Mama yako,
Marietha

Seminari, 2 Machi 2025

Mama yangu,

Shikamoo. Milele amina. Mie mzima. Nakula ugali na maharage, na Jumapili wali na maharage. Sweta ninalo. Gozbert, mwenzangu wa chumbani, aliliazima siku moja tu na amerudisha.

Habari ya nepi nimewasomea wenzangu. Mwalimu naye kaisikia, amesema hoja hiyo hajawahi kukutana nayo kwenye kitabu chochote, na Gozbert sasa anakuita Profesa wa Mtoni.

Lakini usiwadharau, mama. Yule Mjerumani ana jambo moja ambalo ukilielewa hulali nalo vizuri. Anasema mtu si jembe. Jembe unalishika kwa ajili ya shamba, makali yakiisha unalitupa. Mtu ana heshima yake hata siku asiyokufaa kitu. Aliyasema hayo zaidi ya miaka mia mbili iliyopita, na leo hii kijana wa bodaboda anapewa nyota kwenye simu na wateja wasiomjua, nyota zikipungua anafungiwa kazi, na hakuna anayemuuliza kama wiki ile alikuwa anauguza. Kwa hiyo mie nikikuta kanuni yoyote sasa hivi nauliza kwanza, hii inamlinda nani?

Na mzee peku, alichokuwa anauliza ni kidogo tu. Wewe hakimu, haki ni nini? Wewe askari, ushujaa ni nini? Wakajikuta hawajui, ndiyo hasira ikaanza. Alipofungwa, rafiki zake walishaandaa njia ya kumtorosha. Akakataa. Alisema hawezi kuwafundisha watu jambo maisha yake yote halafu alikimbie siku moja. Kila nikifika hapo nafunga kitabu kwanza.

Msalimie Mzee Valerian. Mwambie fratera wake hajambo.

Mwanao,
Gervas

Mtoni, 23 Machi 2025

Mwanangu Gervas,

Tumsifu Yesu Kristo. Sijui hali yako, naomba iwe njema. Mie mwili mzima, moyo ndio mbaya.

Mzee Valerian alifariki Jumatatu. Salamu zako nilikuwa nimezifikisha, alitabasamu. Tumemzika Jumatano bila msalaba. Soma tena hapo, baba. Bila msalaba aliouchonga kwa mikono yake.

Kornelio alikuja msibani na daftari kwapani. Kwaresima yenyewe hii! Watu tumekaa kwenye mikeka, yeye kaketi kwenye kiti, kavaa miwani, anapitisha kidole. "Agosti, sifuri. Septemba, sifuri. Oktoba, sifuri." Anasoma mbele ya wafiwa kama anaita majina shuleni. Demetria akasema, "Mwenyekiti, baba alikuwa kitandani."

"Udhuru uko wapi?"

Mie nikadakia, "Si nilikuambia mwenyewe pale nje?"

"Ulinieleza kwa mdomo, Mama Gervas. Mdomo haukai kwenye faili. Tukimzika huyu kwa heshima za jumuiya, Jumamosi nani ataamka?" Halafu akanigeukia kabisa. "Msalaba ubaki kwako ndani, usitoke. Na ukumbuke fratera wako mwezi wa sita anahitaji barua ya jumuiya ya kupeleka seminari. Saini ya kwanza ni yangu, ya paroko inafuata."

Paroko alikuwa safarini. Katekista akasema yeye haingilii mambo ya jumuiya, akaangalia viatu vyake. Basi tukaenda makaburini tukaimba wachache, sauti nyembamba kama ya watu wanaoogopa kusikiwa. Demetria hakulia. Alikuwa anageuka kila mara kuangalia njia, kama vile msalaba utakuja. Na mie nimesimama pale mikono mitupu, mie niliyeufungia nyuma ya mlango wangu.

Nilinyamaza kwa ajili yako. Na udhuru sikuuandika kwa ajili ya mwandiko. Hayo mawili nimeyaungama, lakini hasira haijatoka. Nakumbuka alipouchonga ule msalaba, gogo la mpingo lililetwa toka kwao Newala, akakaa nalo miezi minne. Tulipomuuliza tumpe nini akasema, "Msinipe kitu, na mie nitauhitaji." Mwanangu! Alisema hivyo! Na Kornelio alikuwepo, akacheka pamoja na sie.

Arobaini ni Jumamosi tarehe 26 Aprili, asubuhi hiyohiyo ya jumuiya. Nataka kusimama. Nataka kumuuliza kama mzee wako peku. Niambie, nisimame?

Mama yako,
Marietha

Seminari, 6 Aprili 2025

Mama yangu,

Shikamoo. Pole sana, pole kwa Demetria. Nimemtolea Mzee Valerian rozari nzima na wenzangu.

Mama, jambo hili ni baya na una haki kukasirika. Ila nakuomba usubiri. Bila barua ya jumuiya sipandi mwaka unaofuata, na Gambera wetu, mkuu wa seminari, hana mchezo na karatasi. Ngoja Juni ipite. Nikishaipata barua, likizo nitaongea na paroko mwenyewe kwa utaratibu. Mzee ameshazikwa, kusubiri miezi miwili hakumpunguzii kitu. Kwenye arobaini nenda usali tu. Msalaba uache ulipo.

Nakuombea goti.

Mwanao,
Gervas

Mtoni, 27 Aprili 2025

Gervas,

Tumsifu Yesu Kristo. Natumaini u mzima na unakula. Hayo nimeuliza kwa kuwa mie ni mama yako, sasa nisikilize.

Barua yako niliisoma mara moja tu safari hii, haikunichukua siku mbili. "Kusubiri hakumpunguzii kitu." Nani kakuambia? Umemuuliza? Na Demetria anayeangalia njia naye hapungukiwi kitu? Ndiyo jembe hilo, baba! Mzee amekwisha makali, tumtupe kwanza, barua ya Gervas itoke! Wewe ndiye uliyeniandikia habari ya mzee peku kukataa kutoroshwa, na mie nikamlilia mtu nisiyemjua, wa Ugiriki, nikiwa napepeta mchele. Ulinisimulia hayo ya nini? Ya kujibia mtihani?

Sasa nakuambia nilichofanya, usije ukakisikia kwa watu.

Jana saa kumi na moja na nusu niliutoa msalaba nyuma ya mlango. Mzito, unaujua. Niliubeba begani wazi bila kuufunika, nikapita nao mbele ya genge, mbele ya mashine ya kusaga, goti linalia. Mama Brightson akaniona, hakuuliza, akaja akashika nyuma. Tukafika kwa Demetria, jumuiya imeshakaa, maana safari hii sala ilikuwa zamu ya nyumba ya jirani yake na watu waliona aibu kupita mlangoni kwa mfiwa bila kuingia. Kornelio akasimama. "Marietha, unajua unamuua mwanao?"

Nikauegemeza msalaba ukutani. Nikasema, "Shikamoo mwenyekiti. Nina maswali, sina ugomvi. Jumuiya ni nini?"

"Usinichezee."

"Sichezi. Sikusoma mie, nifundishe."

Akasema, "Ni waamini wanaokusanyika kusali pamoja."

"Mzee Valerian miezi saba alisali na nani?"

"Peke yake. Hakuja."

"Miguu ya kumleta alikuwa nayo?"

Mzee Romani akasema kwa nyuma, "Hakuwa nayo."

"Asiye na miguu anaijia jumuiya, au jumuiya inamwendea?"

Kornelio akasema jumuiya ndiyo inayomwendea, imeandikwa hivyo. Alijibu mwenyewe, baba, sikumsaidia. Nikamuuliza, "Nyumba yake ni hatua ngapi toka kwako?" Ni hatua arobaini, nilishazihesabu na uji mkononi.

"Basi mwenyekiti, kwa miezi saba hiyo, nani hakuhudhuria?"

Pale ndipo niliposikia wanawake wanavuta pumzi. Nikamwomba Monica, katibu wetu, afungue daftari aandike. Aanze na mie. Uji nilipeleka, lakini udhuru niliona haya kuuandika, na siku ya kuzikwa niliuacha msalaba ndani. Weka sifuri. Monica akaandika. Mama Brightson akasema, "Na mie niweke." Mzee Romani, "Na mie." Wakaendelea hivyo, wengine wananong'ona, wengine kwa hasira, wawili waliondoka. Demetria akawa amekaa mlangoni anatusikiliza tukijitaja, hapo sasa ndipo alipolia.

Kornelio hakuandikwa. Alichukua kofia yake. Mlangoni alisema, "Barua ya fratera msiitegemee." Tukaenda makaburini na msalaba mbele, tukaimba mpaka watu wa msiba mwingine wakajiunga na sie.

Kwa hiyo barua yako haipo. Nimekuvunjia, najua. Tangu ukiwa mtoto unasimama kwenye kigoda na kanga yangu mabegani unasomea kuku misa, mie sikuwahi kuomba kingine kwa Mungu. Naogopa, Gervas. Kila nikipiga magoti naogopa. Lakini ukiwa padri kwa ile barua, siku yangu mie utanizika kwa daftari?

Usiponijibu nitaelewa.

Mama yako,
Marietha

Seminari, 8 Juni 2025

Mama,

Shikamoo.

Nimechelewa kujibu kwa sababu kila nilichoandika nilikichana. Mara nne.

Ijumaa Gambera alituita mmoja mmoja tumkabidhi barua za jumuiya. Nilipoingia nilimpa ya kwako ya tarehe 27, ndiyo niliyokuwa nayo. Aliisoma yote, akarudia ukurasa wa mwisho. Akauliza, "Na wewe ulikuwa umemwandikia nini?" Nikamwambia, nilimwambia anyamaze. Hakunikaripia. Alisema suala langu litapelekwa kwenye baraza, na kama nitarudi Agosti au la, nitajulishwa. Akanirudishia barua yako akasema nisiipoteze.

Sijui watasema nini, na mwenyewe naogopa. Lakini usiseme umenivunjia. Nafika Jumamosi ijayo. Sitapita nyumbani kwanza, nitaanzia kwa Demetria, kisha hatua arobaini mpaka kwa mwenyekiti. Kanuni inataka udhuru wa maandishi, basi nimeuandika, na nakutumia uutangulize kwa Monica:

"Mimi Gervas, mwanajumuiya, sikuwepo Mzee Valerian alipougua, wala alipozikwa, wala arobaini yake. Njia ilikuwa mbali. Lakini karatasi ilikuwepo na kalamu ilikuwepo, na nilizitumia kumzuia mama yangu asiende kwake na msalaba. Kwa hilo sina udhuru. Naomba niandikwe sifuri, chini ya mama yangu."

Mwanao,
Gervas