Kazi ya Kivulini

Mpendwa Baba,

Nimeacha benki. Naliandika hilo kabla ya salamu kwa sababu nakujua, ungezipita salamu mbio ukitafuta habari yenyewe. Ijumaa hii ndiyo siku yangu ya mwisho. Sikuombi ruhusa, Baba, nakuarifu. Ingekuwa ni kwa simu, hapa ungesema "Nekesa!" kwa ile sauti ya kuniita kutoka upande wa pili wa uwanja, kisha ungeitoa simu sikioni uitazame, labda ndiyo iliyokosea.

Unayakumbuka machungwa? Kila Jumamosi ya mechi Mama aliyakata vipande, nami nikayabeba kwenye beseni la bluu hadi uwanja wa shule, nikasimama kando yako mpaka mapumziko. Ulikuwa mwalimu wa hesabu, lakini Kitale nzima ilikuita Kocha. Makocha wa shule nyingine waliyatumia mapumziko kuwafokea watoto. Wewe uliketi chini kwenye nyasi pamoja na wachezaji wako, ukauliza, "Mmeona nini?" Basi. Halafu ukanyamaza, ukala chungwa. Kimya chako kilinitia aibu. Tulikuwa tumeshafungwa, wazazi wanatutazama, nami nilimwomba Mungu akufungue mdomo. Mwishowe mchezaji mmoja alisema, "Kocha, yule winga wao anatamba kwa sababu hakuna anayemkaba." Nawe ukamjibu, "Ehe. Sasa?" Wakaanza kupangana wenyewe, huku wewe unatafuta kipande kingine kwenye beseni.

Kipindi cha pili tulifungwa tena, mara nyingi. Hilo tusifichane.

Siku moja tukirudi nyumbani ulisimama njiani, wavu wa mipira begani, ukapangusa jasho. Jua lilikuwa limekuchoma kisogo hadi kimebadilika rangi. Ukaniambia, "Nekesa, wewe tafuta kazi ya kivulini. Hii ya kusimama juani niachie mimi." Nikadhani unataka niuze dukani. Baadaye ndipo nilipokuelewa: meza, kiti, paa, na kitu cha kunitunza uzeeni. Nikaitafuta kazi hiyo kwa bidii zote. Niliipata Nairobi, kisha ikanileta huku Johannesburg, kwenye jengo la vioo ambako kiyoyozi ni kikali hata sweta yangu haitoki ofisini mwaka mzima. Uliwatangazia watu wote. Na kila uliponipigia, swali la kwanza lilikuwa lile lile.

"Bado uko kivulini?"

"Niko, Baba."

"Kaa hapo hapo."

Hata mara ya mwisho, ukiwa hospitalini na sauti imekwisha, uliniambia nikae hapo hapo. Ndiyo maana barua hii imenipa taabu kuianza.

Kazi yenyewe niliiweza, usidhani nimeshindwa. Lakini saa nilizozipenda hazikuwa za kazi. Zilikuwa zile ambazo kijana wa idara yangu anabisha hodi, anasema ana dakika moja tu, halafu anakaa na kutoa yote yaliyomkwama. Nilimuuliza, nikamsikiliza, naye akaondoka amejua la kufanya. Nikibaki peke yangu nilikuwa nimechangamka kuliko nilivyowahi kuchangamka kwa ripoti yoyote. Bosi wangu alinikumbusha kwamba sikuajiriwa kupiga soga. Alisema kweli. Basi nikaanza kusomea kazi ya kuajiriwa kwa hayo hayo, mwisho wa juma baada ya mwisho wa juma. Siku ya kwanza mkufunzi alituambia kwamba ukishauliza swali, zuia ulimi wako. Nikacheka kwa sauti. Alipotaka kujua kulikoni, nilimwambia hapo baba yangu angekula chungwa. Darasa zima likanitumbulia macho.

Sasa sikia jina la kazi hii. Ni kocha, Baba. Wewe uliyetaka niwe chochote isipokuwa hicho, cheka tu.

Neno hilo limenisumbua. Nilipomwambia Mama akauliza, "Kocha wa timu gani?" Nikamwambia hakuna timu. Akauliza taratibu kama benki wamenifuta kazi. Na Mama Furaha, Mkongomani anayenisuka kule Jeppestown, alipoomba nimsaidie kuamua kama aache kufanya kazi chini ya wifi yake, nilimuuliza anaogopa nini hasa. Mkono ukasimama kichwani mwangu. "Weye dada! Nakuomba mashauri, unaniuliza tena miye? Sasa kocha njo nani?" Nilitamani sana kumpa jibu, maana nilikuwa nalo. Nikanyamaza. Akaendelea kunisuka kwa hasira, ananivuta hadi machozi yananilenga, na tulipofika nyuma ya shingo alikuwa ameanza kujijibu mwenyewe. Nilipokwenda tena alikuwa ameshazungumza na wifi yake. Wifi alinuna, lakini waliachana vizuri.

Hapo ndipo nilipoandika barua ya kuacha kazi. Nilikumbuka pia mazishi yako, wale wachezaji wako waliokuwa sasa wanaume wazima wenye vitambi, walivyonishika mkono wakasema, "Kocha alikuwa anatuuliza." Hakuna aliyetaja kikombe, maana hamkuwahi kupata kikombe.

Naogopa, Baba. Mjukuu wako Neema anaingia sekondari mwakani, na huku ugenini mtu hana shamba la kurudia jioni. Kuna asubuhi sitaki kuamka. Lakini naamka.

Ya kanisani ndiyo imeniua. Tunasali kwenye ukumbi mmoja pale Doornfontein, Wakenya na Wakongomani pamoja. Mchungaji akatangaza kwa furaha kwamba dada yao anatoka benki na sasa ni kocha. Ibada haijapoa, vijana wa timu ya kanisa wakanizunguka. Nahodha wao, Dieudonné, ambaye ni mlinzi kwenye duka kubwa, akaniambia kama wasemavyo huku kwa kusema poa, "Sharp, kocha! Jumamosi tunacheza."

"Hapana, ndugu yangu, mimi si kocha wa mpira. Mimi ni kocha wa watu."

"Eish, dada," akasema. "Na sisi hatuko batu?"

Ungenishauri nini? Usingenishauri. Ungeniuliza nimeona nini. Jumamosi nikaenda na beseni la machungwa.

Walifungwa, bila shaka. Lakini wakati wa mapumziko, walipokuja wanahema na kulaumiana kwa Kiswahili cha kila namna, na Kifaransa ndani yake, niliketi chini kwenye vumbi la ule uwanja. Nikauliza, "Mmeona nini?" Kimya kikaanza. Jua la Johannesburg si kali kama letu, lakini linalikaribia, na sikuwa nimevaa kofia. Nilihisi kisogo changu kinaungua. Wakatazamana. Dieudonné alinihurumia, akanyoosha mkono kuelekea ukuta wa karakana ya jirani, palipokuwa na ubaridi.

"Kuya huku ku kivuli, kocha."

Nikamwambia niko sawa hapa. Nikachukua kipande cha chungwa, nikala, nikasubiri, hadi golikipa akakohoa na kusema, "Miye niliona kitu."

Sitakaa hapo hapo, Baba. Ulinitafutia kivuli kwa sababu ulinipenda, na nimekitumia vizuri, kimenisomeshea mtoto na kumjengea Mama. Ijumaa nitakunja sweta yangu nitoke nayo. Wewe pumzika penye baridi, umesimama vya kutosha. Hii ya juani sasa niachie mimi.

Mwanao,
Kocha